Mkalimani Wetu

Mwalimu wa hesabu wa binti yangu Noëlla, kule Barking ughaibuni, alikuwa mama wa Kihindi aliyezoea kuchomeka kalamu kwenye nywele kisha kuitafuta mezani. Alipokasirika hakupaza sauti. Aliishusha, hata darasa zima likainama kumsikiliza. Mwaka 2003 aliniita shuleni. Kiingereza changu kilikuwa bado kichanga, basi Noëlla akatafsiri. Mwalimu alinong'ona kwa muda mrefu, na binti yangu akaniambia, "Mama, anasema nina bidii." Nikashukuru.

Mwalimu akapapasa meza, akaipata kalamu kichwani, akasema kwa Kiswahili cha Nakuru alikozaliwa, "Mama Noëlla, bidii anayo. Lakini leo amepanda juu ya kiti akaniigiza, darasa likaacha kazi. Akirudia atasimamishwa shule."

Noëlla alitazama viatu vyake. Mimi kwa aibu nikauliza kwa Kiswahili cha kwetu, "Aliigiza muzuri?"

Mwalimu akafikiri kidogo. "Sikuona mwanzo wake. Hebu, Noëlla, tuonyeshe."

Binti yangu akainuka, akapapasa meza, akajipapasa kichwa, akanong'ona hesabu za kugawanya. Mwalimu alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akashusha sauti. "Kesho utakaa mbele, karibu yangu. Na mimi na mama yako hatuhitaji tena mkalimani."