Hatua za Kipa

Mimi ni mtu wa kushuku, na sikuokota tabia hii njiani. Mama yangu, kule Meru mlimani, alihesabu mikungu ya ndizi shambani kabla ya kwenda ibadani, akaihesabu tena akirudi.

Miaka mingi nilirusha mpira wa kriketi katika timu ya taifa. Mwendo wangu ulikuwa wa kati: hautishi mtu, ila mpira ulijua kupinda. Nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, alisimama kipa wetu wa kuudaka mpira uliompita: rafiki yangu, Singasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Arusha mjini. Mrushaji akiwa na kasi, kipa husimama mbali. Akianza kukusogelea, ujue umechuja.

Kipa huyu hukwaruza mstari kwa kiatu pale anaposimama. Enzi zangu nzuri ulikuwa hatua kumi na nne kutoka kwenye wiketi. Msimu ule wa mwisho, wenzangu walipokwenda kunywa chai, nilijifanya nafunga kamba za viatu, nikahesabu. Kumi na moja! Wiki iliyofuata, kumi.

Nikaelewa yote, au nilidhani hivyo. Mpwa wake naye alikuwa mrushaji, na katika safari ya timu kwenda mashindanoni nafasi ya mrushaji iliyobaki ilikuwa moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaacha kuonja chai ya tangawizi aliyotuletea kutoka kwake. Akicheka na kocha, mimi ndiye ninayechekwa. Nilimchukia, sina haja ya kulipamba neno.

Siku ya uteuzi nikakuta tisa. Nikamvaa palepale uwanjani.

"Unanisogelea ili kocha aone nimekwisha, si ndiyo?"

Akamtupia jicho kocha aliyekaa pembeni na karatasi zake.

"Kaka, punguza sauti. Mpira wako haunifikii tena. Nikikaa kule kwa zamani utadunda mara ya pili kabla sijaudaka, na kila mtu ataona. Nasogea kidogo kidogo, mwaka wa pili huu, wasikugundue."

Sikumwamini hata chembe.

"Rudi kumi na nne."

"Kaka, leo wanachagua."

"Nimesema rudi!"

Akarudi, shingo upande. Nikakimbia, nikarusha kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Mpira ukampita mpigaji, ukadunda tena, ukabingiria kwenye nyasi hadi miguuni pa kipa. Akaufunika haraka kwa glavu zake, lakini kocha alishaanza kuandika.