Nilimtembeza Mke Wangu Mji Mzima Asione Chumba Changu

Mwenye makosa ni mimi, nianze hapo. Usimlaumu mke wangu, wala yule mpiga picha wa Kawangware, ingawa mdomo wake hauna breki.

Mimi ni fundi wa vanishi. Mchana kutwa nang'arisha makochi ya watu, jioni narudi Mashimoni, Kibera, kwenye chumba chenye kitanda, jiko, na debe ambalo nikiligeuza ndilo kiti. Mke wangu, Mama Mwende, alikuwa nyumbani Machakos na mtoto wetu.

Wakati ule kila mwanamume aliyepata kazi Nairobi alituma picha nyumbani. Yangu, ya nyeusi na nyeupe, nilipigwa studio ya Kawangware: nimeketi kwenye sofa, simu sikioni, nyuma yangu dirisha lenye pazia, na nje ya dirisha ziwa. Nyuma ya picha nikaandika kwa mkono wangu, "Hapa niko sebuleni kwangu." Kijiji kizima kiliiona. Niliambiwa mama mkwe aliuliza kama samaki wa ziwa lile pia ni wangu.

Miaka mitatu ikapita, Mama Mwende akaandika kwamba anakuja. Mtoto alikuwa karibu kuanza shule na alitaka tuishi pamoja, ila kwanza aone tutatosheaje. Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi nilikosa usingizi wiki nzima.

Nikapanga uongo mwingine. Nilimwandikia kwamba siku inayofuata kufika kwake bosi ananituma Nakuru, kwa hiyo atarudi na basi la jioni ileile. Na kabla ya jioni nitamwonyesha Nairobi mpaka miguu imkatae.

Nilimpokea saa mbili asubuhi, nimevaa suti ya kuazima. Saa mbili na nusu tulikuwa mbele ya bunge. "Hiyo saa ya mnarani ni ya serikali," nikamwambia, nikamvuta mkono. Tukaona msikiti, tukaona soko, tukaona stesheni ya reli ambapo nilimsimulia habari za Wazungu na simba nisizozijua. Tulipanda lifti ya jengo refu la mikutano, tukashuka kabla hajajua tumefika juu. Kwenye bustani ya nyoka ya makumbusho tulipita mbio hata nyoka wenyewe hawakupata nafasi ya kututazama.

"Baba Mwende," akaniuliza, viatu ameshavishika mkononi, "kwako ni upande gani?"

"Tutafika. Hujaona sanamu."

"Mimi sikukuja kuona watu wa mawe."

Saa nane akakumbuka ana unga wa shangazi yake wa Kawangware. Huwezi kutoka Machakos na mzigo wa shangazi halafu urudi nao. Utaulizwa mpaka uzeeke. Nikasema Kawangware ni mbali sana. Yeye alikuwa ameshauliza basi la kwenda huko.

Kumbe shangazi anakaa nyuma ya ile studio. Mpiga picha alikuwa mlangoni.

"Sasa mzee! Leo umekuja na mama? Ingieni, ile sofa yako iko free."

Mama Mwende aliingia kabla sijafungua mdomo. Akalitazama ziwa lililochorwa kwenye kitambaa. Akainua simu, waya ukaning'inia bila kwenda popote. Kisha akaketi polepole.

"Kumbe ni nyekundu," akasema. "Mimi nilidhani ni ya kijani."

Nilitamani ardhi inimeze. Mpiga picha naye anaendelea, "Mama, cheka kidogo."

Mke wangu hakukasirika. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Unalala wapi, ukweli? Hata kama ni chini, nipeleke tu. Tutatandika."

Jamani, hapo ndipo nilipoharibu kabisa! Nilikuwa nimesamehewa tayari, kilichobaki ni kusema Mashimoni. Nami nikajibu, "Nyumba inapakwa rangi."

Aliinuka kwenye sofa. "Umaskini ningeuzoea," akasema. "Wewe sijui nitakuzoeaje." Akabeba unga wake, akaenda kwa shangazi, wala hakunipungia mkono.

Basi la jioni liliondoka bila yeye. Alibaki Kawangware, akaanza kuuza mboga, akamleta mtoto, akapanga chumba upande wa Riruta Satellite. Majirani zake wakinieleza, naona ni kidogo kuliko changu.

Ndugu yangu uliye Nairobi na mke yuko nyumbani, akija mpeleke kwako kwanza, hata kama unaona haya. Bunge halihami, mtalitazama hata mwaka ujao.

Mimi kila Jumapili natembea kwa miguu kutoka Kibera kwenda kuwasalimia. Mama Mwende ananiwekea kigoda nje, ananipa chai ya maziwa, ananiuliza habari za kazi kama mgeni mwingine yeyote. Mlango anaufunga. Ni mwaka wa pili huu, na bado sijui mwanangu analala upande gani wa chumba.