Rivasi Ukweni Kakese

Mke wangu akitaka kuwachekesha wageni hatafuti mbali. Huniangalia tu na kusema, "Hebu waeleze ulivyoingia jikoni kwa mama," nami, pamoja na mvi zangu na shahada yangu, hubaki nikitazama kucha za miguu. Leo nitaieleza mwenyewe aibu hiyo, angalau nijichagulie maneno.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikifundisha sekondari mjini Mpanda, na pikapu yangu kuukuu ikafa giaboksi siku chache kabla ya kwenda kumposa Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma wa Kakese. Gereji kubwa ilinitaka niagize giaboksi nzima kutoka Dar es Salaam, kwa bei ambayo ingewala ng'ombe wa mahari kabla hata hawajatajwa. Ndipo nikaenda kwa Zakaria, fundi wa mtaani aliyefanyia kazi uani kwake nyuma ya stesheni, mtu wa maneno mengi na spana chache, akaifungua, akacheka, akasema kilichokufa ni gia mbili tu, akang'oa nyingine kwenye gari bovu na kunifungia kwa bei ndogo hata nikaona haya kuomba punguzo (niliomba, lakini kwa haya).

"Mwalimu, mbele itakupeleka mpaka Sumbawanga," alisema akijifuta grisi. "Ila rivasi usiiguse. Kuna springi naisubiri ije na treni. Ukiingiza rivasi, haitoki."

"Na nikitaka kurudi nyuma?"

"Shuka, usukume. Kwani wewe waziri?"

Njia nzima mshenga wangu, Masanja, naye Msukuma, alinikumbusha kwamba kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani. Nilimwambia asijisumbue, mila hiyo nilishaiandikia insha chuo kikuu (na nilipata alama nzuri).

Tulipofika niliegesha kwa majivuno mbele kabisa ya mlango wa zizi, ili suti na pikapu vionekane pamoja. Mzee Luhende, baba yake Kabula, alitusikiliza vizuri, akaanza hata kutabasamu, lakini neno la kunikubali lilikuwa bado, na mimi nililisubiri kama mtuhumiwa anavyomsubiri hakimu. Hapo ng'ombe wakarudi kutoka malishoni.

"Mwalimu, sogeza gari, ng'ombe waingie," mzee akasema.

Masanja, aliyejua habari ya rivasi, akawaashiria wanaume watatu, wakanyanyuka wasukume. Laiti ningewaacha! Lakini nikajiuliza, mposaji gani huyu mwenye gari la kusukumwa? "Kaeni, kaeni," nikasema, nikaingiza rivasi.

Gari lilirudi vizuri, ng'ombe wakaingia, nami nikatafuta gia ya kwanza. Haikuwepo. Mkono wa gia ulikuwa umeganda kama umechomelewa. Badala ya kuzima injini na kukiri, nikaamua kuzunguka nyumba kinyumenyume, kana kwamba tangu mwanzo nilikusudia kuegesha upande wa pili. Nikatoa kichwa dirishani, nikatazama nyuma, na huko nyuma, mlangoni mwa jiko, alisimama mama mkwe na mwiko mkononi.

Nikafanya kama insha yangu ilivyosema: nikageuza uso. Mila ilinikataza kutazama nyuma, na gari halikuwa na pengine pa kwenda. Jiko lile la miti na nyasi likalala polepole juu ya bodi ya pikapu. Nikaruka chini kuomba radhi, nikajikuta uso kwa uso na mama mkwe aliyewahi kuruka kando, yeye nyasi kichwani, mimi tai begani.

"Baba Kabula!" akapiga yowe. "Mkwe ananiona!"

"Fumba macho!" Masanja alipaza sauti. "Fumba macho, wewe!"

Nikafumba, nikapiga hatua, nikatumbukiza kiatu kwenye sufuria ya ugali.

Tukarudi vitini.

"Utalipa mbuzi," Mzee Luhende akasema. "Umemtazama mke wangu."

"Nitalipa, mzee, na jiko nitalijenga. Kisha nitaondoka, sitawasumbua tena."

"Uondoke uende wapi? Mke wangu watu wanamtazama kila gulio, nami siwadai kitu. Anayelipa mbuzi ni mkwe tu."

Masanja akanipiga kiwiko nishukuru, maana mimi, msomi wa mila hiyo, nilikuwa bado sijaelewa kwamba nimekubaliwa.

Siku chache baadaye Zakaria, aliyepelekewa habari, alikuja na springi yake kwa baiskeli, akanikuta nafunga fito za jiko, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo gari langu, hata likiwa zima kabisa, naliacha barabarani, na ukweni naingia kwa miguu, nikitazama chini.