Mume Wangu Hacheki Vichekesho vya TV

Siku mume wangu alipocheka mbele ya televisheni, kwanza nilifurahi, kisha nikaogopa, na ule woga mpaka leo haujanitoka.

Ili uelewe kwa nini kicheko kimtishe mtu, lazima ujue sisi ni watu wa namna gani. Tunaishi Tulia, mji mdogo wa huku Ukambani, nyuma kidogo ya soko. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na magauni ya harusi. Yeye kwa miaka mingi alikuwa Kambu, kwenye barabara kuu ya Mombasa, akiziba pancha na kubadilisha tairi za malori, na nyumbani alikuwa akija mwisho wa mwezi. Ugonjwa wa sukari ulipompata, miguu ikaanza kufa ganzi, akaiacha ile kazi akarudi nyumbani kabisa. Watoto walikuwa wameshaenda zao. Tukajikuta watu wazima wawili, sebule moja, TV moja, na hatukubaliani juu ya kitu chochote kinachotoka ndani yake.

Yeye anapenda nyimbo mpya. Ni mtu wa kanisa, ana mvi, lakini zile nyimbo za vijana anazijua zote, kwa sababu madereva wa malori walikuwa wakizifungulia huku wakingoja tairi. Anasema vijana wa siku hizi wanajua kuipanga besi, inakuja nyuma polepole kama lori linalopanda mlima na gia nzito. Mimi namwambia besi si maneno. Huu wimbo ambao mwaka huu uko kila mahali, sokoni, harusini, hata kwenye simu ya muuza mkaa, kijana ndani yake anasifu kiuno cha msichana kuanzia mwanzo hadi mwisho, haongezi neno. Ubaya ni kwamba ukichezwa nikiwa kwenye cherehani, mguu wangu unaufuata, na mshono unakimbia kuliko ninavyotaka. Hilo ndilo ninalolalamikia. Wimbo mzuri unakuomba, huu unakushika mkono na kukuvuta.

Wale wa Tanzania nawakubali zaidi. Mwanamume anaachwa, analia kwa Kiswahili safi kabisa, mpaka unatamani umwache wako kidogo usikie kama naye ataweza. Mume wangu anasema hao wanalia wakiwa wameshiba. Na zile za injili zenye mdundo wa disko tunazibishania karibu kila Jumapili. Yeye anasema Mungu hajakataza besi. Mimi nasema ukifumba macho hujui kama mwimbaji anamwita Yesu au anamwita mpenzi wake.

Kwa vichekesho, mambo yanageuka. Mimi ndiye ninayevipenda. Kuna kipindi cha Jumamosi alasiri, maigizo mafupi mafupi: mwenye nyumba na wapangaji, mchungaji na dereva wake, soja wa getini. Nakipenda kwa sababu wale waigizaji wanajua jinsi watu wanavyodanganyana kwa heshima. Soja ni Mkamba, na anavyoyavuta maneno ni kama marehemu kaka yangu. Nikimsikia nacheka, na wakati mwingine machozi yanatoka ambayo si ya kucheka.

Mume wangu alikuwa akikitazama kipindi hicho na uso wa mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. "Hawa wanajichekea wenyewe," alikuwa akisema. "Halafu kile kicheko cha watu wengi wamekipaka juu, kama rangi. Na mbona Mkamba kila siku ni soja? Hawajawahi kuona Mkamba mwenye duka?"

"Ni mchezo tu, baba."

"Mchezo wao. Mimi madereva wamenicheka Kambu bure, sitakaa kwangu nichekwe tena."

Haya tulikuwa tukisema kwa Kikamba. Nyumbani kwetu ni Kikamba tu, tangu aje kunichumbia. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Na woga ulikuwepo hata kabla ya siku ile. Tangu sukari iingie nyumbani, nilikuwa nikiishi kwa kumtazama. Kliniki walituambia inaweza kupanda na inaweza kushuka, na kwamba ikishuka ghafla ndiyo mbaya. Mtu anatoka jasho, anatetemeka, anakuwa kama mlevi, na asipopewa kitu kitamu anaweza kwenda moja kwa moja. Nikaweka chupa ya asali kwenye rafu karibu na mlango wa jikoni. Nikawa namwamsha asubuhi kwa kumgusa shingo nione kama ni kavu. Akikohoa bafuni nasimamisha cherehani. Nilijiandaa kumwona akianguka. Kwa kicheko sikujiandaa, maana hakuna aliyekitaja.

Jumamosi ile ilikuwa ya jua kali. Mvua ilikuwa imekawia na mahindi yalishaanza kujikunja. Nilipika isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, nikamwekea, akasema atakula baadaye, hana njaa. Sikulitilia maanani, kwenye joto lile hata mimi sikuwa na hamu ya chakula. Nikaketi na nguo ya kupinda mapajani, kipindi kikaanza.

Igizo lilikuwa la soja aliyekataa kumfungulia mwenye nyumba kwa sababu hana kitambulisho cha mgeni. Mwenye nyumba anafoka, soja anamjibu kwa adabu, anamwomba akae kivulini amngojee mwenye nyumba. Nilicheka. Nyuma yangu, kwenye kochi, nikasikia mtu mwingine anacheka.

Niligeuka. Alikuwa ameegemea, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Nikamwambia, "Leo umepatikana." Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi ya miaka. Nikarudisha macho kwenye TV ili asione aibu akanyamaza.

Igizo likaisha, likaja tangazo la sabuni. Mama anaanika shuka nyeupe, basi. Aliendelea kucheka.

Hapo mikono yangu ikasimama. Kicheko kilikuwa kilekile, hakikupanda wala kushuka, hakikuwa na pumzi ya kupumzika. Mtu akicheka kitu, kicheko kinaishia pale kitu kinapoishia. Hiki hakikuwa kikimfuata mtu yeyote kwenye TV. Nikazima sauti kwa rimoti, nikafikiri labda kikikosa mwenzake kitanyamaza. Hakikunyamaza. Chumba kikawa kimya na yeye peke yake anacheka.

"Unacheka nini?" nikamuuliza kwa Kikamba.

Akanitazama. Macho yalikuwa yake lakini aliyekuwa akitazama simjui. Akaacha kucheka, akaketi vizuri, akaniambia kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha barabarani cha kumpendeza mteja:

"Karibu, dada. Ni tairi gani inayokusumbua?"

Nimeshawahi kuzika. Nimeshawahi kujifungua nyumbani usiku wa mvua bila mkunga. Lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kuitwa dada kwa Kiswahili na mume wangu, sebuleni kwangu. Kwa kitambo nilimwogopa yeye mwenyewe, kama mgeni aliyeingia bila hodi, na niliangalia mlango uko wapi.

"Baba," nikasema, "ni mimi."

"Hamna shida, dada. Ngoja nilete jaki." Akajaribu kusimama. Ndipo nikaliona jasho. Shati lilikuwa limeshikana na kifua, na kwenye kidevu lilikuwa likidondoka.

Nilikimbilia asali. Kifuniko kilikataa, nikakifungua kwa kukishika na leso. Nilipomletea kijiko mdomoni aliukaza, akanisukuma kwa nguvu za mtu wa spana, kijiko kikaruka. Akakasirika. Akasema sina haki ya kuingia ndani ya karakana. Kisha, kwa ghafla, akaanza tena kucheka, na mate yakawa yanamtoka upande mmoja.

Nilipiga kelele nikimwita jirani. Ni mama wa Kiislamu, ana duka la vitambaa mbele ya nyumba yetu. Babu zake walitoka pwani wakaja kufanya biashara wakazaliana hapa, na Kikamba anakiongea kunipita. Alikuja amekamata ushungi kwa mkono mmoja.

"Sukari?" akauliza.

"Amenisahau."

"Hajakusahau. Kaa nyuma yake umshike mabega. Shemeji, tulia. Bismillahi." Akauchukua uso wa mume wangu katikati ya viganja vyake kama uso wa mtoto, akaanza kumsemesha kwa Kiswahili, taratibu, juu ya gari, juu ya safari ya Mombasa, kama kweli ni mteja. Yeye akamsikiliza. Na alipolegeza taya kumjibu, mimi nikapitisha kidole chenye asali nikampaka kwenye ufizi, ndani ya shavu. Nikarudia. Nikarudia. Aliniuma mara moja, sikutoa kidole.

Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Nilikuwa nimemkumbatia kwa nyuma na moyo wake ulikuwa ukinigonga mkononi, mbio, mbio, nikawa nangoja usimame. Kwenye TV, bila sauti, watu walikuwa wakifunguliana midomo. Nilitamani mtu aizime na sikuweza kumwachia ili niizime mimi.

Halafu akaacha kukaza. Kichwa kikaanguka begani kwangu. Nilidhani ndiyo basi. Nikasikia sauti, chini kabisa, kwa Kikamba:

"Mbona nimeloa?"

Nililia. Jirani aliketi sakafuni akajipepea na ushungi.

Tulimpeleka dispensari na gari la mume wa jirani. Nesi akampima, akasema sukari imeshaanza kupanda, akamuuliza amekula nini. Akajibu hana njaa. Akaulizwa tena, akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa amefunga. Kanisani walikuwa wametangaza maombi ya mvua, mchungaji akasema wagonjwa wasifunge, waombe tu. Yeye alifunga kwa siri tangu alfajiri, na tembe zake za asubuhi, zile za kushusha sukari, akazimeza kama kawaida.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungenikataza," akasema. "Na mahindi umeyaona mwenyewe."

Nesi alimsemesha maneno makali, ya haki. Mimi nilikuwa nikiutazama mdomo wa mume wangu, kama utacheka.

Na hivyo ndivyo nilivyobaki. Tembe walimpunguzia, anakula kwa saa, hajaanguka tena. Yeye hakumbuki chochote baada ya soja. Mimi nakumbuka kwa niaba yake. Wiki zilizofuata, akicheka tu, hata kwa simu na rafiki yake wa Kambu, naacha kazi naenda kumsimamia mbele. "Jana tulikula nini?" namuuliza. "Kifungua mimba wetu anaishi wapi?" Siku moja alinijibu kwa hasira, "Mtu akicheka anahojiwa kama kwa polisi?" Tangu hapo akaanza kujizuia. Namwona anaanza kutabasamu, ananitazama, anameza. Hilo nalo linaniogopesha, nyumba ambayo mtu anaomba ruhusa ya kucheka.

Kipindi cha Jumamosi nilijaribu kukitazama peke yangu. Soja alipofungua mdomo, jasho likanitoka mimi. Nikahamisha, nikaangukia kwenye ule wimbo wa kiuno, nikauacha ucheze mpaka ukaisha. Sikuwa na la kuusema. Ulikuwa na kelele za kutosha, na siku hiyo nilihitaji kelele.

Majuzi tulikwenda Kathonzweni, kwa dada yake aliyekuwa akifanya ibada ya shukrani. Baada ya chakula vijana wa kanisa wakatoa igizo, wajomba wa bwana harusi wanajadiliana mbuzi wa mahari na wazee wa upande wa pili, na mbuzi mwenyewe ni kijana aliyevaa blanketi, anatoa maoni yake. Hema zima lilicheka. Na yeye, pembeni yangu, akacheka.

Nilimshika shingo kwa nyuma, mbele ya watu. Ilikuwa kavu, na ina joto la kawaida. Nikamshika mkono, nao haukutetemeka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumuuliza swali.

"Niko hapa," akaniambia kwa Kikamba, bila kuyatoa macho kwa wale vijana. "Huyu mbuzi anajua kazi. Hawa hawakupaka rangi."

"Kweli ni zuri?" nikauliza.

"Tazama basi."

Nilijaribu kutazama. Watu walikuwa wakipiga makofi, wengine wamesimama. Kicheko chake kilipanda, kikashuka, kikapumzika, kikaanza upya mbuzi alipoanza upya. Mimi nilikuwa nakihesabia pumzi, mkono wake ndani ya wangu, na lile igizo lenyewe sijui liliishaje.