Siku Nilipouzima Moto wa Harusi ya Dada Nafula

Harufu ya samli inayoungua hunitia baridi hadi leo. Jirani yangu akikaanga kitu, mimi hutoka nje nikasimama uani, mtu mzima na akili zangu, mpaka moyo utulie. Wenzangu hunicheka. Wacheke tu; hawakuwapo nyumbani kwetu Lurambi siku dada yangu Nafula alipoolewa na Nilesh.

Nilesh alikuwa Mhindi, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari upande wa Butali, nami nilimpenda kwa sababu aliniletea peremende bila kuniuliza habari za shule. Baada ya vikao visivyokwisha, wakubwa walikubaliana: asubuhi kanisani, kwa ajili yetu, alasiri chini ya hema uani, mambo ya kwao. Kwao ndoa haifungwi pasipo moto. Bwana na bibi harusi hufungwa pamoja kwa ncha za nguo zao wakauzunguka, na kaka wa bibi harusi humjaza viganja nafaka za kumwaga motoni. Sisi hatukuwa na kaka, kwa hiyo kazi hiyo nikapewa mimi, msichana wa miaka minane.

Ningeifanya kwa madaha kama si binamu yangu Wekesa. Siku moja kabla ya harusi alinivuta nyuma ya jikoni akaninong'oneza, "We hujui? Wahindi wanachomanga watu. Kuni zikishika, kwisha." Nilitaka kumbishia, lakini hata mama nilikuwa nimemsikia akisema hivyo alipotoka kwenye mazishi ya Mhindi mmoja mwenye duka mjini. Tangu hapo hata obusuma, ugali wetu, sikuugusa. Sikumwambia mtu. Nani angenisikiliza, watu wakikimbizana na viti na sufuria?

Alasiri ile kuhani wao aliwasha moto ndani ya karai, akamimina samli, ndimi zikapanda. Kisha nikaona kwa macho yangu ncha ya mtandio wa dada ikifungwa kwenye shali ya Nilesh, fundo la kukaza kweli kweli. Mimi nilishika bakuli la bisi za mahindi yetu, maana bisi za mchele walizozoea hazikupatikana Kakamega nzima. Nafula akanyoosha viganja vyake vilivyochorwa hina. Alikuwa akiutazama moto, si mimi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani: nilijua nampa dada yangu chakula chake cha mwisho.

Nikaliangusha bakuli, nikaunyakua mtungi wa maji uliokuwa kando ya kuhani, nikaumwaga wote motoni.

Majivu yakanirukia gauni, mama akashika kichwa, na mzee mmoja wa upande wao akasema huo ni mkosi. Kipigo nilikijua, ningekivumilia. Kilichonitisha ni kwamba labda nimeivunja harusi ya mtu niliyempenda kuliko wote.

Aliyenijia si mama. Ni nyanya yake Nilesh, mwanamke aliyezaliwa papa hapa mjini na kuuza vitambaa maisha yake yote. Alipiga magoti kwa taabu mbele yangu.

"Mjukuu wangu, umeona nini?"

"Mnataka kumchoma Nafula."

Hakucheka. "Tunachomanga mtu akishakufa," alisema. "Mume wangu nilimchoma, nikalia. Huyu ni mzima, mama. Huyu tunamwitia moto uwe shahidi wake."

Kuhani alimtazama Nilesh, Nilesh akamtazama Nafula, na kila mtu akangoja. Dada yangu aliyatazama maji yakichuruzika miguuni pake. Kisha akasema, "Washeni tena."

Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi niliishi miaka mingi nikiamini kwamba siku ile nilikuwa mjinga tu. Mwaka juzi Nafula alikuja kwangu, nikamwomba msamaha kwa mara ya mia. Akaweka kikombe chini.

"Miezi sita walijadiliana kuhusu hema, kanisa, na wageni wasiokula nyama," aliniambia. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama naogopa. Nilikuwa naogopa. Moto wa kwanza niliwashiwa tu. Ule wa pili niliuagiza mimi."