Tuta la Mchanga wa Mwaloni

Mama alijaribu kupanda vitunguu saumu kwa mara ya kwanza tukiwa bado Kambarage, Shinyanga mjini, nyuma ya nyumba ya kupanga. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, wa mbuga. Mvua ikinyesha unaganda kwenye kandambili mpaka mguu unakuwa mzito. Jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingia kidole. Punje zilioza zote. Mama alizifukua, akawa anazinusa mojamoja kabla ya kuzitupa. "Hiki kinataka luseni," alisema, yaani ule udongo mwepesi wa kichanga ambao kwao walikuwa wakilimia karanga.

Tulipohamia Geita, baba alipopata kazi ya kuendesha lori la mizigo ya bandari kavu ya Isaka, luseni ikapatikana. Jirani yetu, mzee aliyeacha uchimbaji na kubaki na mkokoteni wa ng'ombe, alimletea mama mchanga wa kijivu, laini, usio na jiwe hata moja. Mama akauchanganya na samadi, akainua tuta kando ya jiko la nje. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, kutwa niko nyumbani nauliza. Kwa nini punje isimamishwe ncha juu? Kwa nini tupande mvua zinapokwisha badala ya zinapoanza? Jivu hili linafukuza wadudu kweli, au ni mazoea tu?

"Chuo walikupa maswali," mama alisema huku akiendelea kupanda. "Majibu uliyaacha bwenini?"

Katika maswali yangu yote, sikuuliza mchanga ule ulitoka wapi.

Saumu ziliota vizuri. Mama alikuwa na sababu ya kuzitunza kuliko mboga nyingine yoyote. Dada yangu, aliyeolewa Ushirombo, alikuwa mjamzito, na safari hii mimba ilikuwa imevuka ule mwezi ambao mbili za kwanza zilitoka. Mama alikuwa amemwahidi kwamba akijifungua atakwenda kumuuguza mwenyewe, ampikie supu ya kuku wa kienyeji yenye pilipili manga na saumu za kutoka bustanini. Dada alikuwa akipiga simu anaulizia kwanza saumu, ndipo anaulizia watu. "Mama, zimefika wapi?" Mama anamjibu, "Wewe zimekupita kimo." Nilimsikia dada akicheka upande wa pili, na kwa muda mrefu alikuwa hajacheka.

Siku ya kuvuna, majani yakiwa yameanza kunyauka ncha, jirani alikuja kushuhudia. Vichwa vilikuwa vidogo, lakini vimejaa na kukaza. Alikiokota kimoja, akakipangusa kwenye suruali.

"Mama mkwe, hapa unipe mgawo wangu," alisema. Alikuwa na utani wa kumwita hivyo ingawa mama alikuwa mdogo kwake. "Mchanga si wangu? Tena huo una dhahabu ndani."

"Dhahabu gani, mzee?" nikamuuliza.

"Marudio hayo, kijana. Nimeyazoa kule mwaloni. Mawe yameshasagwa, yakaoshwa, mchanga ukabaki. Dhahabu haiishi yote."

Mwalo ni pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Nikamuuliza kama huko walikuwa wakitumia zebaki.

"Sasa dhahabu utaikamata na nini, na mate?" Akacheka, akanionyesha viganja vyake. "Mimi nimeishika na mikono hii tangu ujana. Nimekufa?"

Nilimwambia kwamba yeye kuwa hai hakuthibitishi kitu. Nikaeleza niliyokuwa nikiyajua: kwamba zebaki inadhuru mishipa ya fahamu, na kwamba wanaoumia zaidi ni watoto walio tumboni na wanaonyonya. Nilikuwa naongea na yeye. Mama alikuwa amechuchumaa kwenye tuta, ameshika shina la saumu, haling'oi wala haliachii.

"Inaingia kwenye kitunguu," aliuliza, "au haiingii?"

"Sijui, mama."

"Ng'wanawane, mwanangu, nauliza inaingia au haiingii."

Kesho yake nilikwenda kwa bwana shamba, akaniambia yeye anajua magonjwa ya majani. Mambo ya zebaki labda maabara, labda Mwanza. Nikapiga simu huku na kule, kila mmoja akanielekeza kwa mwingine, mpaka maabara moja ya Mwanza wakaahidi kunipigia. Nilikuwa bado nasubiri kupigiwa wakati shemeji alipotuletea habari kwamba dada amejifungua mtoto wa kike, wote wazima.

Mama alisuka saumu zake kwa majani yake, akazitundika juu ya dirisha la jiko. Kisha akaenda sokoni kununua nyingine. Nilimsindikiza kubeba kuku. Muuzaji alikuwa na gunia zima, na mimi, niliyekuwa nikihoji kila kitu, nilisimama pale nikiwaza kwamba udongo wa saumu hizi hakuna aliyewahi kuuliza habari zake. Mama alilipa tukaondoka.

Ushirombo, dada alipokea bakuli la supu, akanusa mvuke.

"Ndizo zile?"

"Zile hazikukomaa," mama alisema. "Kunywa kabla haijapoa."

Dada alinywa. Aliniangalia mimi, nami nikajifanya nampepea mtoto.

Bado naamini lile swali lilistahili kuulizwa, na leo ningeliuliza tena. Lakini nilitamani kuwa na jibu, lolote lile. Kama mchanga ulikuwa mbaya, tungejua tumeepuka nini. Kama ulikuwa mzuri, basi dada alinyimwa kitu alichokisubiri miezi yote ile bila sababu. Maabara hawajanipigia mpaka leo.

Saumu zilibaki dirishani. Hakuna aliyezila, hakuna aliyezitupa. Mvua zilipoanza, zikachipua palepale kwenye msuko, vijani vyembamba vikielekea kwenye mwanga. Asubuhi moja nilimkuta mama amesimama anavitazama, mkono kiunoni.

"Zinataka kupandwa," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Nizipande wapi?"

Nje, tuta lilikuwa limelowa, magugu yamejaa. Nilitoka nikalitazama kwa muda, kisha nikarudi ndani, na mama alikuwa bado anasubiri nimjibu.