Mzee wa Mipira na Tope Lake

Dunda wamebeba kombe la besiboli, jamani, Msata wamelala mchana kweupe! Ila Naila, mrushaji wa Dunda, bado hamwelewi yule mzee anayetunza mipira. Msimu mzima alikuwa anaitazama mikono ya huyo mzee tu, mipana, kucha nyeusi. Kabla ya kila mechi mzee anakaa pembeni na ndoo ya tope la Mbegani, anachota kidogo, anausugua mpira taratibu kama anaogesha mtoto, huku anajisemea chinichini. Naila akajua hii ndumba. Halafu fainali ndiyo ikawa balaa: mzee kawapelekea Msata mipira mipya inang'aa, Dunda kawaachia ile ya tope.

"Shikamoo babu. Umetuuza?"

"Marahaba. Nimewauza kwa nani?"

"Mbona wao mipya, sisi michafu?"

"Mwanangu, watu wametoka Msata kote kule, niwape mpira wa matope? Watatusemaje?"

Basi mrushaji wa Msata kushika ule mpya na jasho lake, ukamchomoka kama sabuni, ukaenda kwa mbuzi wanaokula majani nje ya uwanja. Akarusha tena, mbuzi tena! Wa Naila wenye tope kavu ndio hautelezi mkononi. Uwanja mzima unacheka, mzee hacheki. Anafuta mikono kwenye msuli, anamfuata yule kijana, sauti ya upole kabisa: "Pole, baba. Nikupe mwingine mpya?"

Kombe lipo, lakini Naila mpaka leo hajui kama ile ilikuwa heshima kwa wageni au mtego. Naomba mtume hii kwa wengine, ila Msata msiwatumie.